Ukurasa wa Tano wa Kisa cha Bi. N.

Sogeza kiti, wewe uliyeajiriwa juzi kufundisha ujasiriamali, na wewe mwanafunzi unayetaka kuwa mshauri wa biashara ukimaliza chuo. Mimi sina haraka, nanyi msiwe nayo. Mliniomba nieleze nilivyofundisha somo hili hapa Kampala kwa zaidi ya miaka thelathini, na nadhani mlitarajia habari za kujivunia. Ninazo chache. Lakini kila nikikaa kuandika, mkono unakwenda kwenye jambo moja ambalo bado linanitia aibu, na safari hii nimeuacha uende.

Ninaandika kwa Kiswahili. Darasani nilitumia Kiingereza miaka yote hiyo, lakini baba yangu alikuwa askari, nami nilikulia katika nyumba za polisi kule Naguru, ambako akina mama waliotoka kila pembe ya nchi waligombana na kupatana kwa Kiswahili. Ndiyo lugha niliyoanza kukaripiwa nayo. Kwa habari hii, inafaa.

Kwanza niwaeleze kisa ni nini, maana kila kitu kinaanzia hapo. Katika vyuo vya biashara hatufundishi kanuni tupu. Tunaandika habari ya mfanyabiashara wa kweli, kurasa tatu au nne, tunawapa wanafunzi na kuwauliza: alikosea wapi, na wewe ungefanya nini? Hicho ndicho kisa. Aliyenifundisha kuviandika ni marehemu mzee Bwambale, mwalimu mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Kisa changu cha kwanza kilihusu mwoka mikate aliyefungua tawi la pili. Mzee alikisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Nani ameamua hapa?" akaniuliza.

"Biashara ilipanuka, Mzee."

"Biashara haina kichwa. Nitafutie mtu aliyeamua, umwandike. Ukimficha mwenye kuamua, umeandika tangazo."

Kumbukeni maneno hayo. Mimi niliyakumbuka kwa wengine wote, nikawafundisha wanafunzi wangu, nikawakata alama walioyasahau.

Msidhani pia kwamba nilifundisha biashara bila kuijaribu. Nilifungua duka la fotokopi ng'ambo ya barabara, mbele ya lango la chuo. Niliandika mpango wa kurasa thelathini. Mashine niliiweka chumba cha nyuma kwa sababu kurasa hizo zilisema vumbi ni adui. Mbele nikaweka meza nzuri, ua la plastiki, na binti niliyemwajiri. Wanafunzi wakawa wanachungulia mlangoni, wanaona meza na ua, wanaomba radhi na kuondoka. Mmoja alimwuliza binti kama mkurugenzi yupo. Siku moja nikiwa darasani nafundisha namna ya kuvuta wateja, binti yule aliikokota mashine peke yake hadi kizingitini. Niliporudi nilikuta watu wamejipanga hadi kwenye mtaro.

"Profesa," akaniambia bila kuinua kichwa, "watu wanafuata kelele ya mashine. Ua halipigi kelele."

Habari hiyo niliisimulia kila mwaka. Wanafunzi walicheka, wakanipenda. Nimechelewa sana kuelewa kwa nini niliisimulia kwa furaha namna ile. Yako makosa ambayo mtu huyasimulia ili asiulizwe mengine.

Hilo jingine ni hili.

Mama Nzigire alikuja Kampala kutoka Bukavu, Kongo, na watoto watatu na mabegi mawili. Nilipomjua alikuwa akiuza vitenge katika soko la Owino, katika safu ya akina mama sita waliokaa kwenye stuli wakitazama njia moja. Safu hiyo wao huiita layini. Chuo kilikuwa kimetuagiza walimu tutoke darasani tukawashauri wafanyabiashara wadogo, nami nikampata yeye. Aliposikia Kiswahili changu alipiga makofi.

"Ah, Papa Profesa! Leo nimepata mutu wa kusikia maneno yangu yote."

Mnaona alivyoniamini? Mganda akisikia Kiswahili anawaza askari. Mama Nzigire alisikia nyumbani.

Nilikwenda kuitazama layini alasiri moja, kati ya kipindi na kipindi. Sikukaa hata saa mbili nzima. Nilichora ramani: wanawake sita, bidhaa ile ile, bei ile ile. Nikiwa pale, mteja alisimama kwa Mama Nzigire, akashika kitenge cha njano, akauliza kitu. Mwanamke wa jirani, mnene, mwenye sauti ya kutawala, akanyanyuka, akamshika mteja mkono na kumpeleka kwenye stuli yake mwenyewe. Mama Nzigire hakusema neno. Nikaandika kwenye daftari: *ananyang'anywa wateja, anaogopa kulalamika.*

Yule mwanamke mnene ndiye Nnalongo, jina la heshima la mama wa pacha, mkubwa wa layini. Baadaye kidogo aliniletea chai ya maziwa katika kikombe cha bati. Nilisema asante, nina haraka. Nikaondoka bila kuinywa.

Wiki iliyofuata nilimwita Mama Nzigire chuoni, nikamchorea ubaoni. Nilieleza polepole, kwa upole, kama ninavyoeleza sasa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilieleza vizuri. "Wale si rafiki zako kibiashara," nilimwambia. "Wale ni washindani wako. Mnauza kitu kimoja, mnamalizana. Nenda mahali ambapo hakuna anayeuza kitenge hata mmoja."

"Na bale bamama? Nitabaambia nini?"

"Waambie ukweli."

Nilimtafutia chumba cha duka chini ya kilima cha Naguru, kwa mtu niliyesoma naye. Kioo mbele, rafu, taa. Siku ya kufungua nilikata utepe mwenyewe. Alidumu misimu miwili ya mvua, akafunga.

Sasa nieleze kwa nini alifunga, na mnisikilize vizuri, maana hili hamtalikuta katika kitabu nilichokuwa nasomesha. Kitenge hapa Kampala hakiuzwi sana kwa mtu anayepita akatamani. Kinauzwa kwa shughuli. Binti anaolewa, kuna kwanjula, siku ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, na shangazi na dada na majirani wanataka kuvaa sare. Wanahitaji vipande ishirini vya ua moja, rangi moja, leo hii. Hakuna mwanamke katika layini mwenye vipande ishirini vya ua moja. Mmoja ana vinne, mwingine sita, mwingine vitatu. Mteja akishika kitenge kwa Mama Nzigire na kuuliza kama vipo vingine, anashikwa mkono na kupelekwa kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani, mpaka ishirini vinatimia, na kila mama amepata sehemu yake. Wateja wa namna hiyo wengi huja asubuhi na mapema. Mimi nilikwenda alasiri, nikamwona mmoja tu, na sikumfuatilia.

Kwa hiyo niliyemwona ananyang'anya alikuwa anakusanya. Na kule Naguru, nyuma ya kioo, Mama Nzigire alikuwa na vipande vinne. Wateja walisema, "Vizuri sana," wakaenda zao Owino.

Hata kufikia hapa ni kosa tu, na kila mshauri ana makosa. Aibu inaanzia nilipokaa kuandika.

Niliandika kisa. Nilimwita Bi. N. Kurasa nne. Niliandika kwamba *mshauri mmoja* alimpendekezea ahame, na kwamba Bi. N. akahama bila kufanya utafiti wa soko, na kwamba siku ya kufunga duka alilia. Chini nikaweka maswali matatu juu ya makosa ya Bi. N. Kilikuwa kisa kizuri, kinasomeka. Walimu wa vyuo vingine walikiomba. Kwa miaka kumi na moja, kila kundi lililoingia lilimcheka Bi. N. mbele yangu. Mwanafunzi mmoja alisema mama kama huyo abaki kuuza karanga. Darasa likavunjika kwa kicheko, nami nikatabasamu na kusema, "Haya, tuendelee."

Kisha akaja Achieng, Mkenya, aliyefanya kazi ya mauzo mjini na kusoma jioni. Aliinua mkono.

"Prof, huyu mshauri ni nani? Sioni akiulizwa chochote. Yeye ndiye alisema mama ahame, si ndiyo?"

Mngeniona. Chaki ilikuwa mkononi. Ningeweza kusema neno moja tu, mimi.

"Mtu wa shirika fulani," nikasema. "Wale wa kuja na kuondoka."

Wakacheka tena. Achieng hakucheka. Akaandika kitu.

Kazi ya mwisho wa muhula ilikuwa kuchunguza upya kisa kimoja. Alichagua cha Bi. N. Siku ya kukusanya hakuiweka pamoja na za wenzake, alibisha ofisini kwangu akiwa na karatasi mafungu mawili.

"Prof, usinikasirikie. Nilienda Owino. Nilipata layini."

"Ehe."

"Nikawauliza nani alimshauri mama ahame. Wakasema hawajui, yeye hakutaja mtu. Siku ya kuondoka aliwaambia tu: ninyi ni washindani wangu, tunauza kitu kimoja, tunamalizana. Ilikuwa kama maneno yake mwenyewe. Na Nnalongo alikuwa amemshikia stuli wiki tatu akiwa mgonjwa. Waliumia sana, Prof."

Maneno yale niliyajua. Yalikuwa ubaoni kwangu.

"Sasa mama anauza mlangoni kwake Namuwongo, karibu na reli," akaendelea. "Kipande kimoja kimoja. Alituma watu waombe arudi. Layini ikakataa, wanasema ana dharau. Halafu Nnalongo akaniambia, kuna mwanaume wa miwani alikuja na daftari kabla ya hayo, akakataa chai yao." Akanitazama miwani. "Nimeandika kazi mbili. Moja kurasa nne. Nyingine kurasa tano. Wewe niambie nikusanye ipi."

Sikuhitaji kuuliza kulikuwa na nini katika ukurasa wa tano.

Nilimwambia akusanye ya kurasa nne.

"Sawa, Prof." Akainuka. Ule ukurasa wa tano akauacha mezani. "Huu nakuachia. Mimi sina kazi nao."

Nilimpa alama za juu. Mnaelewa kwamba hiyo nayo ilikuwa sehemu ya aibu. Ukurasa niliuweka kwenye droo ya meza, ukakaa miaka mitatu. Kila nilipotafuta kalamu niliuona. Mama mmoja angeweza kurudi kwenye stuli yake kama mimi ningetembea kutoka chuoni hadi Owino na kusema sentensi moja, na sikutembea. Nilikuwa na vikao. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Mtu akitaka kutokwenda mahali, kazi hazikosekani.

Siku ya kuniaga chuoni, walinipa zawadi. Walikuwa wamechapa kisa cha Bi. N. kwenye karatasi nzito, wakakitia fremu. Mkuu wa idara akakisoma kwa sauti, na alipofika pale Bi. N. anapolia, ukumbi mzima ukaguna kwa huruma na kunitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyemfuta machozi. Nilishukuru. Kesho yake, sina hata kazi ya kusingizia, nilichukua ukurasa wa tano nikaenda Owino.

Nnalongo alikuwa amezeeka lakini sauti ilikuwa ile ile. Alinitambua kabla sijasimama vizuri.

"Banange! Afande wa miwani! Leo utakunywa chai ao bado una haraka?"

"Leo nitakunywa, nyabo," nikasema, kwa neno la Kiganda la kumheshimu mama.

"Kale, sawa. Kaa. Wewe ni nani hasa?"

"Naitwa Drani. Nilikuwa profesa."

"Plofesa wa nini?"

"Wa biashara."

Layini nzima ilicheka mpaka mmoja akajifuta macho kwa kitenge cha kuuza. "Plofesa wa biashara amekuja kununua ao kufundisha?"

Nikawaambia. Nilisema yale maneno ya washindani yalikuwa yangu, kwamba Nzigire aliyachukua kwangu kama dawa kutoka kwa daktari, na kwamba hakunitaja kwa sababu ya heshima ambayo sikustahili. Kicheko kilikatika. Nnalongo alipanga upya vitenge ambavyo vilikuwa vimepangika.

"Miaka yote hii," akasema mwishowe, "mimi nachukia mutu kwa maneno ya mutu mwingine. Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa Kampala."

"Si Ulaya?"

"Hapa hapa, nyabo."

"Bambi." Ni neno la kumhurumia mtu, lakini yeye hakulisema kwa huruma. "Kesho kuja asubuhi, jua bado. Kaa hapa mpaka tufunge. Usiandike kitu."

Nilikwenda. Walinipa stuli ya mwisho, nikawa wa saba. Alikuja shangazi wa bibi harusi akitaka vipande ishirini na vinne vya zambarau, na mimi ndiye niliyetumwa kumshika mkono na kumzungusha. Nilikosea rangi mara mbili. "Plofesa, hiyo ni ya msiba!" wakanipigia kelele. Walinilisha matoke mchana. Jioni, miguu ikiwa imekufa ganzi, Nnalongo akanipa jibu.

"Nafasi yake ilipewa mutu, huyo hawezi kutoka. Lakini tutasogea. Nenda umwite."

"Nitampigia simu sasa hivi."

"Hapana. Mutu wa layini anaitwa kwa miguu."

Namuwongo nilimkuta amekaa mlangoni, kitenge kimoja kimoja kimetandazwa juu ya meza ndogo, reli mbele yake. Nywele zilikuwa nyeupe. Hakuinuka.

"Nilijua utakuya siku moya," akasema. "Sikujua utakawia hivi."

Nilimwomba msamaha. Aliuliza kama nina ile karatasi ambayo Achieng alikuja baadaye kumwambia nimemwandika ndani. Nikatoa kisa, nikamsomea kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, wajukuu wakipita kati yetu. Nilipofika pale pa machozi alinyanyua mkono.

"Simama. Sikulia. Nani alikuambia nililia?"

"Hakuna. Niliongeza."

"Nilikasirika. Andika nilikasirika." Nikaandika. "Na apa, mushauri mumoja. Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi andika yina yako. Mimi mulinicheka miaka yote na yina yangu nusu. Wewe huna hata herufi moya?"

Nikaandika palepale, juu ya goti. Kisha nikamwambia layini imesogea, wananituma nimwite, twende nimpeleke.

"Nitaenda. Lakini wewe usinifuate." Alianza kukunja vitenge, kimoja juu ya kingine, bila haraka. "Mara ya kwanza ulinipeleka wewe. Sasa nitaenda na miguu yangu."

Sikumfuata. Baada ya wiki moja nilipita Owino asubuhi, nikasimama mbali, kwa wauza viatu. Stuli zilikuwa saba, zimebanana kiasi kwamba magoti yaligusana. Mteja alisimama kwa Mama Nzigire, akashika kitenge, akauliza kitu. Mama Nzigire akanyanyuka, akamshika mkono, akampeleka kwa Nnalongo. Niliondoka bila kusalimia.

Msinipongeze. Alipoteza miaka, nami sikupoteza hata cheo. Na yako makundi kumi na moja ya wanafunzi wangu huko nje wanaowaambia akina mama kwamba jirani ni adui, kwa sababu mimi niliwafundisha hivyo kwa kisa kizuri. Nimeshakiandika upya, kina kurasa tano sasa, lakini cha zamani bado kinazunguka, watu wanatumiana kwenye simu.

Kwa hiyo nawaomba mawili. Kabla hujamshauri mtu ahame mahali alipo, nenda ukae hapo siku nzima, tangu anapofungua mpaka anapofunga, na ukiletewa chai uinywe. Na siku utakayokutana na kisa cha Bi. N. chenye kurasa nne, chukua kalamu, nenda ukurasa wa pili, kata maneno *mshauri mmoja*, na juu yake uandike: Ezekieli Drani.